Unywele mmoja wa waya na goli la Msuva

Usiku wa tarehe 27 Juni 2019 nilikuwa juu ya bati la kibanda umiza kimoja hapa Tanga, simu nimeing'ata kwa meno inimulikie, na chini yangu watu wasiopungua mia wanalitaja jina langu, ila si kwa mapenzi. Taifa Stars walikuwa wanacheza na Kenya kule Cairo, AFCON ambayo mara ya mwisho tulikuwa tumeicheza mwaka 1980. Mpira ulianza saa tano usiku. Haukumaliza hata dakika tatu, runinga zote mbili zikawa nyeusi na king'amuzi kikaandika kwamba kuna shoti kwenye LNB, kile kichwa cha mbele ya dishi kinachopokea mawimbi. Dakika ya 6 nikasikia mtaa mzima umelipuka, nyumba kwa nyumba, redio kwa redio. Msuva kafunga. Kibandani kwetu kukawa kimya kwa muda wa kumeza mate, kisha yakaanza matusi.

Waya ule nilikuwa nimeufunga mwenyewe alasiri ya siku hiyo. Nilipoifungua konekta, kile kichwa cha chuma cha kuunganishia kilichoingia kwenye LNB, nikamulika ndani, nikaona uzi mmoja wa ule wavu uliomo chini ya ganda la waya, mwembamba kama unywele wa mtoto, umelala juu ya shaba ya katikati. Watu walikuwa wameegemea ukuta waya ulipopita, waya ukavutika kidogo, unywele ukagusa pasipotakiwa. Nikaupuliza, nikakaza, picha ikarudi. Tuliyaona magoli mengine yote, la Samatta na yale matatu ya Kenya, tukalala tumefungwa 3–2. Mwenye kibanda mpaka leo anashikilia kwamba mkosi niliuleta mimi.

Mimi kazi hii sikuisomea. Mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, miji mingine ikafuata mwaka 2013, na ghafla kila nyumba ikahitaji king'amuzi, antena au dishi. Mwenye ngazi akawa fundi. Nilikuwa na ngazi. Vifaa vyangu vilikuwa kisu cha jikoni, plaizi, na meno kwa zile nyuzi ndogo zisizokamatika. Konekta nilizotumia ni zile za kuzungusha kwa mkono, ambazo unazipachika kwenye waya kama mfuniko wa chupa. Moja bei yake haikufika hata nusu ya soda. Nilijua kulenga dishi, na kwa kulenga nilikuwa mzuri kweli, basi kila tatizo nililoitiwa nililiona ni la kulenga. Picha inakatika? Upepo umesogeza dishi. Chaneli zimepungua? Dishi limesogea. Napanda, nalegeza nati, natikisa kidogo, narudisha, nashuka nalipwa. Nikiukumbuka muda ule naona aibu, kwa sababu mara nyingi kilichorekebisha tatizo ni kule kutikisa waya tu wakati nahangaika na dishi.

Wiki moja baada ya mechi nikaenda kwa mzee mmoja wa Ngamiani aliyefunga madishi Maskati miaka mingi kabla ya kurudi nyumbani. Hatuna undugu, lakini mtaa wote tunamwita mjomba.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyetunyima goli?"

Habari zilikuwa zimenitangulia. Akanipa kipande cha waya, akaniambia nimenye anione. Nikatoa kisu, nikazungusha mara moja kwenye ganda jeusi, akanishika mkono.

"Mwanangu, huo si muhogo."

Akauchukua ule mwisho nilioumenya, akautia kwenye mwanga wa dirisha, akanionyesha mchirizi mdogo kwenye waya wa katikati, pale kisu changu kilipopita. Nikamwambia huo mchubuko tu, waya haujakatika. Akacheka. Akachukua sumaku ya spika mbovu, akaisogeza, ule "waya wa shaba" ukanasa kwenye sumaku kama msumari.

Hapo ndipo nilipojua, baada ya miaka sita ya kazi, kwamba nyaya nyingi za dishi katikati yake ni chuma kilichopakwa shaba. Si wizi. Mawimbi ya juu kama yale yanayotoka kwenye LNB, megahezi 950 mpaka 2150, hayapiti ndani ya waya, yanapita kwenye ngozi yake. Ngozi ikiwa shaba, yanatosheka. Ila ukiichubua hiyo ngozi umeyachimbia shimo njiani, na chuma kilichobaki wazi kwa hewa ya bahari ya Tanga kitashika kutu kabla ya masika kuisha. Halafu, na hili ndilo lililoniingia zaidi, konekta hii ya dishi haina pini yake yenyewe. Walioibuni Marekani miaka ya 1950 kwa ajili ya televisheni za waya walitaka kitu cha bei nafuu, wakaufanya waya wa katikati kuwa ndiyo pini. Kwa hiyo kile unachokichuna kwa kisu ndicho kitakachoingia kwenye king'amuzi cha mteja.

Mjomba alinifundisha ncha moja kwa saa nzima, na sijawahi kuona saa iliyonifaa kama ile.

Kwanza kukata. Plaizi inakata kwa kubinya, waya unatoka umebonyea kama mrija uliotafunwa. Yeye alikuwa na mkasi wa nyaya wenye midomo ya mviringo, akakata, ncha ikabaki duara. Nikaona ni mapambo ya kizee. Kumbe waya huu umetengenezwa kwa umbali: kutoka waya wa katikati, kupitia povu jeupe, mpaka kwenye foili na wavu, umbali uwe uleule pande zote kutoka mwanzo mpaka mwisho. Huo ndio unaoupa omu 75 zake, kipimo cha jinsi waya unavyoyapokea mawimbi. Ukiubonyeza mahali, mawimbi yanafika pale yanagonga, mengine yanarudi yalikotoka. Ndiyo maana hata kuupigilia vibanio ukutani mpaka ukabonyea, au kuukunja pembeni kama karatasi, ni kosa. Kona ya waya mnene wa kawaida, ule wa RG6, naipa nafasi ya kuzunguka kikombe cha chai cha kutosha, si pembe ya kitabu.

Pili kumenya. Kimenyeo kina wembe mbili zilizopangwa kwa vina viwili tofauti. Unakibana kwenye waya, unakizungusha mara nne au tano kuufuata mzunguko, na sikio lako liwe pale. Mwanzoni kinakwaruza, kwa sababu wembe mmoja unakata nyuzi za wavu. Kukwaruza kukiisha, kinateleza kama kinazunguka kwenye sabuni, umemaliza. Ukiendelea unaitafuta shaba. Ukivuta, unabaki na ngazi tatu: shaba tupu kama milimita 6, kisha milimita 6 nyingine za povu jeupe zikiwa bado zimefunikwa na foili na wavu, kisha ganda. Pima kwa rula mara ya kwanza, maana wembe husogea kwenye kimenyeo na hutajua.

Tatu, na hapa ndipo unywele wangu ulipotokea, ni wavu. Mimi nilikuwa nausokota pembeni kama msuko. Yeye aliufungua kwa kidole gumba, kidogo kidogo kuzunguka, akaulaza wote nyuma juu ya ganda kama mtu anayekunja soksi. Kisha akapitisha kidole kuzunguka povu, taratibu, akifumba macho. Nikamuuliza kwa nini anafumba. Akasema uzi mmoja jicho haliuoni, kidole kinauona. Foili iliyogandana na povu haiguswi kabisa, inabaki palepale. Ila kuna nyaya zenye tabaka nne, foili, wavu, foili tena, wavu tena. Hizo ile foili ya juu unaichana unaitupa, wavu zote mbili unazirudisha nyuma, ya ndani unaiacha. Nimeona mafundi wanaivua foili ya ndani wakidhani ni uchafu wa kiwandani.

Nne ni kusukuma. Konekta ya kubana ina bomba jembamba ndani yake, na bomba hilo linatakiwa lipenye kati ya foili na wavu, povu likiwa ndani ya bomba, wavu na ganda vikiwa nje yake. Kusema ni rahisi. Konekta nzuri haiingii kwa adabu, inataka usukume mpaka kiganja kiume. Mafundi wengi wanaishia nusu, na mimi nilikuwa mmoja wao. Chungulia mdomoni kwa konekta: povu jeupe liwe limefika sawasawa na sakafu ya tundu, lisiwe chini wala lisichomoze. Likiwa chini, hujasukuma vya kutosha. Likiwa juu, ulimenya vibaya, kata uanze upya.

Kisha ndiyo mashine ya kubania. Ncha inalala kwenye kitanda chake, unabana mpini mpaka mwisho, unasikia plastiki inakubali. Sehemu ya nyuma ya konekta imeingia ndani ya mwenzake na imelikaba ganda kuzunguka pande zote, si pande mbili kama plaizi inavyokaba. Waya wa katikati uchomoze kupita mdomo wa konekta kwa milimita 2 hivi, 3 zikizidi sana. Mfupi ukose kugusa, mrefu uharibu tundu la LNB. Halafu vuta. Vuta kwa nguvu zako zote kama unamvuta ng'ombe. Ikichomoka, bora ichomoke mkononi mwako.

Niliporudi nyumbani nilikata mita tano za waya, nikafanya ncha thelathini. Nane tu ndizo mjomba alizokubali.

Niseme pia kwamba konekta ina saizi yake. Waya mwembamba wa zamani, RG59, ukiutia kwenye konekta ya RG6 unabana vizuri kwa macho na unachomoka kwa paka akiupita. Waya wa tabaka nne nao unataka konekta yake, wavu ni nyingi, hauingii kwenye ya kawaida ila kwa kuuchana. Mimi nilizilazimisha konekta za kawaida kwenye waya wa namna hiyo kazi nzima ya siku moja, na nikarudia zote bure. Rangi za pete kwenye konekta zisikudanganye, kila mtengenezaji ana zake. Soma paketi.

Sasa nyumba ya wageni. Ipo Raskazone, upande wa baharini, na dishi lake nililifunga mwaka 2018 kwa ujuzi wangu wa kisu. Mama mwenye nyumba ni mtu mpole sana, na upole wake ndio ulioniumiza, kwa sababu aliniita mara nne na mara nne akanilipa nauli. Lalamiko lilikuwa la ajabu: nusu ya chaneli zipo safi kama kioo, nusu hazipo kabisa. Kama dishi limehama, si zote zingeyumba? Nikalisogeza hivyo hivyo. Mara tatu.

Mara ya nne nilikuja na mita ya kupimia umeme. LNB inalishwa umeme na king'amuzi kwa kupitia waya uleule unaoleta picha, na ukubwa wa umeme ndiyo amri yenyewe: volti 13 inachukua mawimbi ya wima, volti 18 inachukua ya mlalo. Nilikuwa nalijua hilo kama mtu anavyojua shairi la shuleni, bila kulifikiria. Chaneli zilizopotea zote zilikuwa za mlalo. Nikapima nyuma ya king'amuzi, volti 18.2. Nikapanda juu, nikachomoa waya kwenye LNB, nikapima ncha yake, 18.1. Nikampigia mjomba kumwambia waya mzima, LNB imekufa, nanunua nyingine.

"Ulipima ikiwa imebeba mzigo?"

Sikumwelewa.

"Kila mtu husimama wima kabla hajatwishwa gunia. Mtwishe, kisha umtazame."

Nikatafuta jointi ya njia tatu, nikaiweka kati ya waya na LNB ili nipime huku LNB inakula umeme wake. Volti 14.1. Amri ya 18 ilikuwa inatoka chini kama kelele na kufika juu kama mnong'ono, LNB inasikia kumi na tatu, inabaki kwenye wima siku nzima. Nikaifungua konekta yangu ya kuzungusha. Ndani ulikuwa umejaa unga mweupe, alumini ya wavu iliyoliwa na chumvi, na shaba imeota ukijani. Nikakata waya nyuma kama sentimita thelathini, mpaka nilipokuta wavu unang'aa, maana maji yakishaingia hupanda na kushuka ndani ya wavu kama mafuta kwenye utambi. Nikaweka konekta ya kubana pande zote mbili. Volti 17.5, chaneli zote zikarudi, na dishi sikuligusa. Tena nilitakiwa nilirudishe nilikolitoa, maana lilikuwa limeshapotea kidogo kwa zile safari zangu tatu. Pesa ya kazi ya siku hiyo sikuichukua.

Pwani hii chumvi haina likizo. Kaskazi ikivuma inaileta, kusi ikivuma inaileta. Toka siku ile kila konekta ya nje naipaka grisi ya silikoni kwenye nyuzi za kukazia, nakaza kwa spana namba 11, kwa mkono mpaka ifike kisha robo mzunguko, si zaidi, kisha naivalisha ile tepu ya mpira inayojishika yenyewe ukiivuta. Tepu nyeusi ya umeme jua la Tanga linaiyeyusha gundi kwa miezi michache inabaki inaning'inia. Na kabla waya haujaingia konekta nauachia tumbo lining'inie chini, ili maji yanayoufuata yadondokee pale. Kuna nyumba niliitwa ambako mvua ilikuwa imetembea ndani ya waya kutoka paani mpaka sebuleni, inadondoka tone tone nyuma ya king'amuzi. Wenye nyumba walidhani bati linavuja, wakampigia simu fundi bati.

Lile kosa la kofia ya mpira pia nalisema, ingawa ni la kuchekesha. Zile kofia za kuzuia maji unatakiwa uzipitishe kwenye waya kabla ya kubana konekta. Nimebana, nimevuta, nimefurahi, kisha nimeikuta kofia mfukoni mwangu, mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Kibandani nilirudi mwaka uleule, nikabadilisha ncha zote bila kuambiwa. Mwenye kibanda akanitazama nikifumba macho na kupitisha kidole kwenye waya, akauliza kama naomba dua. Nikamwambia natafuta goli la Msuva.

Sasa nina kijana ninayemfundisha. Nilianza naye kwa sumaku na vipande vya waya, maana dukani kuna waya unaonekana sawa na mwenzake, rola ileile, maandishi yaleyale, ukiumenya wavu ni nyuzi chache unaziona foili kupitia katikati yake kama neti iliyotoboka. Anamenya vizuri kuliko mimi, vidole vyake ni vyembamba. Kinachomshinda ni kukata na kuanza upya. Akiona povu limechomoza kidogo ananitazama kama ninaweza kuliona au la.

Ile nyumba ya Raskazone ina vyumba kumi na nne, na leo kumi na tatu havina neno. Chumba namba 9 kikinyeshewa kinapoteza picha. Nimeshabadilisha ncha zote mbili mara mbili, nimepima, nimebadilisha hadi tundu la ukutani. Nina hakika aliyepitisha nyaya wakati wa ujenzi waya ulimpungukia, akaunganisha mbele kwa mbele kwa kusokota, akafunga tepu, akauficha ndani ya bomba chini ya vigae. Mama nimemwambia. Ameangalia vigae vyake, akaniangalia mimi, akasema chumba hicho atampa mgeni asiyependa televisheni.